Passau hadi Vienna kwa Baiskeli: Ukingo Upi wa Danube?

Anayeuliza kuhusu safari ya baiskeli kando ya mto Danube kwa kawaida huanza na milima. Aiondoe akilini. Kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, hadi Vienna ni kama kilomita 325, na unafuata maji yanakoelekea, kwa hiyo njia inashuka kidogo kidogo hata usihisi. Mtu mzima asiye mwanamichezo anaimaliza kwa siku sita au saba, akiendesha kilomita 15 kwa saa na kusimama kila anapotaka. Wanaorudi wakinung'unika wameshindwa na vitu vingine: kiti kibaya, upepo wa mashariki na, zaidi ya vyote, kukaa ukingo usiofaa wa mto.

Sehemu kubwa ya safari ina njia pande zote mbili, na vibao ni vya aina moja: R1, yaani njia ya baiskeli ya Danube, na mara nyingi nyota za EuroVelo 6, ile ndefu inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Kibao hakikuambii kwamba upande mmoja utapita peke yako na bata, na upande wa pili utaendesha mita mbili kutoka barabara kuu yenye malori. Kwenye ramani zote mbili zimechorwa mstari ule ule. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusafiri wiki moja, mmoja akasifia ukimya na mwingine akalalamikia kelele, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Njia yenyewe ni ya farasi. Kabla ya meli za mvuke kuchukua kazi hiyo katika karne ya 19, mashua za chumvi, mvinyo na nafaka zilizopanda mto zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Njia yao iliitwa Treppelweg, na neno hilo bado limo kwenye vibao. Farasi anayevuta mashua hawezi kupanda kilima kisha ashuke, kwa hiyo njia ilichongwa sambamba na maji hata pale milima inapobana mto pande zote. Leo vipande vyake vingi vimewekwa lami, upana wa mita mbili au tatu, na magari yanayoruhusiwa ni ya watunza mto na ya wakulima wa jirani. Vibao vinaonya kwamba unapita kwa dhamana yako mwenyewe. Ukiteleza kwenye tope lililoachwa na mafuriko, hakuna wa kumdai.

Baiskeli, kiti na mzigo

Baiskeli ya mashindano haifai, na ile ya milimani yenye tairi za vibonge inakuchosha bure. Tafuta baiskeli ya safari: tairi zenye upana wa milimita 37 hadi 42, keria imara, madigadi, taa na kengele. Gia nane zilizofungwa ndani ya habu ya nyuma zinatosha kabisa kwa njia hii, na hazijali tope. Maduka ya kukodisha ya Passau yapo mengi, na kwa malipo ya ziada hukuruhusu kuiacha baiskeli Vienna.

Usiondoke dukani kabla ya kurekebisha kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, ndivyo inavyotakiwa, goti litabaki limepinda kidogo. Kiti kikiwa chini mno, magoti yanaanza kuuma siku ya pili. Kikiwa juu mno, nyonga zinacheza kushoto na kulia na ngozi inachubuka. Kiti kipana chenye sifongo nene kinavutia dukani, lakini mifupa ya makalio huzama ndani yake na nyama laini ndiyo inayobeba uzito. Kaptula za baiskeli zenye pedi huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayokata ngozi. Wengi huona aibu kuliuliza hilo dukani, halafu wanateseka hadi Linz, mji ulio njiani.

Angalia pia valvu. Huko kuna aina tatu: ile ya gari, ile nyembamba yenye kinati ambacho lazima ukilegeze kabla ya kujaza, na ya Dunlop, ambayo ni ndugu ya valvu ya Phoenix zetu, ila ya kisasa haina tena kile kimpira cha ndani. Pampu uliyopewa iingie kwenye valvu uliyonayo, ijaribu palepale. Kwa tairi za upana huo zikiwa na mzigo, upepo wa bar 4 hadi 4.5 unafaa.

Mzigo usizidi kilo 12, ugawe sawa katika mifuko miwili ya pembeni ya keria, vizito vikae chini. Begi la mgongoni liache nyumbani: litakulowesha jasho na kukandamiza makalio. Mzigo ukizidi, spoku za gurudumu la nyuma ndizo zinazokatika, na karibu kila mara ni za upande wa kulia, upande wa cheni. Kwenye baiskeli yenye gia za nje, spoku za upande huo zimesimama wima zaidi na zimekazwa zaidi kuliko za kushoto ili kuacha nafasi ya meno. Dalili ni gurudumu kuanza kuyumba na kugusa breki mara moja kila linapozunguka. Ikikatika moja, isokote kwenye jirani yake isipige fremu, legeza breki ya nyuma kidogo, hamishia mfuko mmoja mbele kama una pa kuufunga, kisha endesha polepole hadi kwa fundi. Zikikatika mbili zilizo jirani, shuka usukume.

Passau hadi Linz

Passau ni mahali mito mitatu inapokutana: Danube, Inn na Ilz. Kabla ya kuondoka, tazama ukuta wa mnara wa ukumbi wa mji, ambako kina cha mafuriko kimechorwa. Alama ya juu kabisa ni ya mwaka 1501. Inayofuata ni ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89. Njia ya baiskeli ndiyo ya kwanza kuzama maji yanapopanda, na ya mwisho kusafishwa. Mvua kubwa ikinyesha kwenye milima ya Alps, uliza hali ya mto kwenye nyumba ya wageni kabla hujafunga mifuko.

Anza ukingo wa kaskazini, yaani wa kushoto ukifuata maji. Hapa bado uko Ujerumani. Njia imetenganishwa na barabara lakini magari unayasikia. Ukifika bwawa la umeme la Jochenstein una uamuzi wa kwanza. Ukivuka juu ya bwawa kwenda kusini utafika Engelhartszell, kijiji chenye monasteri iliyoanzishwa mwaka 1293, lakini baada ya hapo barabara kuu inakufuata hadi Schlögen. Nashauri uvuke kutazama, kisha urudi kaskazini. Upande huo magari yanapungua hadi yanakwisha, msitu unashuka kwenye maji, na vijiji ni nyumba sita au saba.

Halafu njia inakatika. Karibu na Au mlima unaingia moja kwa moja mtoni, na hapo ndipo Danube inapojipinda na kurudi ilikotoka, mahali paitwapo Schlögener Schlinge. Kuna vivuko viwili vidogo vya baiskeli: kimoja kinakatiza mto kwenda Schlögen, kingine kinakwenda sambamba na ukingo wa kaskazini hadi Grafenau, njia inapoanza tena. Chukua cha Schlögen. Kutoka hapo kupitia Inzell hadi Aschach, ukingo wa kusini ndio kipande kitulivu kuliko vyote vya safari hii. Ukitaka kuuona mpindo wa mto kwa juu, funga baiskeli Schlögen kisha panda mlima kwa miguu kama nusu saa. Njia ni ya mawe na mizizi, usivae ndala.

Vivuko hivi vidogo hulala majira ya baridi, na hata kiangazi jioni huacha kazi mapema. Wengi hukwama hapa, kwa sababu wamepanga safari kwa kilomita bila kuangalia saa. Ukikikosa cha mwisho Au, huna daraja karibu. Ni kurudi nyuma. Na beba noti ndogo na sarafu.

Baada ya Aschach bonde linafunguka, mashamba ya mboga yanatanda, na jua linapiga. Hakuna la kusimulia hadi Ottensheim, ulio ukingo wa kaskazini. Kutoka Ottensheim kuingia Linz unaendesha kando ya barabara kubwa, na hakuna ujanja wa kuikwepa kelele, pita tu. Ndani ya Linz jihadhari na reli za tramu: zikatize ukiwa karibu pembe mraba, kwani tairi ikiingia kwenye mfereji wa reli utaanguka kabla hujajua kilichotokea.

Mauthausen, Grein na mto uliokuwa ukila mashua

Kati ya Linz na Grein kuna kama kilomita 60 za tambarare. Enns, upande wa kusini, ilipewa hati ya mji mwaka 1212, na inajivunia kuwa ya kwanza Austria. Upande wa kaskazini ni Mauthausen. Mji wenyewe ni mzuri, umepakwa rangi na umepangwa kando ya maji, na juu ya kilima nyuma yake ndiko ilikokuwa kambi ya mateso ya Wanazi kuanzia mwaka 1938 hadi Mei 1945. Wafungwa wapatao 190,000 walipelekwa humo na katika kambi zake ndogo, na 90,000 au zaidi walikufa, wengi wakichoshwa hadi kufa katika machimbo ya mawe. Barabara ya kwenda juu ni mwinuko wa kweli, ambao ni nadra katika safari hii. Gia ya kwanza, au sukuma. Tenga nusu siku na usipange kilomita nyingi jioni yake.

Grein ni mji mdogo uliotajirika kwa hatari. Chini yake mto uliingia kwenye korongo la Strudengau lenye miamba na mizunguko ya maji, na mashua hazikuthubutu kupita bila mwenyeji wa kuziongoza, naye alilipwa. Miamba ililipuliwa kidogo kidogo, na bwawa la Ybbs-Persenbeug, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1950, likapandisha maji na kumaliza shughuli. Katika ukumbi wa mji kuna jumba la michezo ya kuigiza la mwaka 1791, dogo, la mbao. Viti vyake vya mbele hukunjwa na kufungwa kwa kufuli, na zamani mwenye kulipia msimu alikwenda nyumbani na ufunguo wake.

Hapa tena chagua. Kutoka Grein hadi Ybbs, barabara kuu iko kaskazini. Vuka kusini. Utapita chini ya miti, na njia ni ya wenyeji wachache tu. Kutoka Ybbs hadi Melk pande zote zinakaribiana kwa ubora. Fuata ile unayolala.

Wachau

Kati ya Melk na Krems kuna kilomita 36 hivi. Wenye haraka huzipita kwa asubuhi moja, na hilo ndilo kosa kubwa la ratiba katika safari hii. Zipe siku mbili. Bonde hili la Wachau liliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sababu unaiona ukiwa juu ya kiti: mizabibu kwenye matuta ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, vijiji vyenye barabara ambazo gari mbili hazipishani, na makanisa yenye kuta kama za ngome. Monasteri ya Melk, iliyojengwa upya kuanzia mwaka 1702 kwa michoro ya Jakob Prandtauer, inaonekana kutoka mbali sana; ndani yake nenda mapema, kabla meli za watalii hazijashusha watu.

Ukingo? Ondoka Melk upande wa kusini, kupitia Aggsbach-Dorf. Huku magari ni machache na kuna miti mingi ya aprikoti. Huchanua mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili, na matunda huiva Julai, wakati wakulima wanapoyauza kwenye meza kando ya njia. Ukifika Arnsdorf, vuka kwenda Spitz, kwa sababu kuanzia Spitz hadi Dürnstein upande wa kaskazini ndio wenye vijiji, na njia ya baiskeli inaachana na barabara na kupanda kidogo katikati ya mizabibu, kupitia St. Michael na Weißenkirchen.

Kivuko cha Spitz kitazame kinavyofanya kazi. Aliyezoea pantoni la Kigamboni atasubiri mngurumo wa injini asiusikie. Waya mnene umevutwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake kuna gurudumu linaloteleza. Kivuko kimefungwa kwenye gurudumu hilo kwa kamba za chuma. Nahodha anakigeuza kikae mshazari dhidi ya mkondo, maji yanakipiga ubavuni, na kwa kuwa hakiwezi kwenda na maji, kinasukumwa upande. Wakati wa kurudi anakigeuza mshazari wa upande wa pili. Magari nayo hubebwa. Maji yakiwa juu sana hakifanyi kazi, na ndiyo sababu nyingine ya kuuliza hali ya mto.

Dürnstein ndiko Leopold V, mtawala wa Austria, alikomfunga mfalme Richard wa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1192, akitokea vita vya msalaba. Ngome ni magofu tangu Waswidi walipoilipua mwaka 1645. Kijijini mawe ya barabarani yanatingisha kila kiungo, na saa za mchana watu ni wengi. Shuka, sukuma baiskeli, na kama unaweza lala hapo ili uione jioni meli zikishaondoka.

Nyumba za wakulima zinazouza mvinyo wao huning'iniza kitita cha majani au shada mlangoni zikiwa wazi. Vyakula vyake ni baridi, na nyama nyingi ni ya nguruwe. Hata supu na saladi huweza kuwa na vipande vyake, huitwa Speck, kwa hiyo asiyekula aulize kwa jina hilo. Juisi ya zabibu, Traubensaft, ipo kila mahali. Wanywaji wajue kwamba mwendesha baiskeli Austria ana kikomo chake cha kisheria, promili 0.8, yaani gramu 0.8 za alkoholi kwa lita ya damu, na faini si ndogo. Kuna pia Marillenknödel, tonge la unga lenye aprikoti nzima ndani, linaloviringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Mawili yanatosha kwa kilomita 20.

Pancha hutokea zaidi humu mizabibuni, kwa vipande vya waya na miiba. Geuza baiskeli, toa gurudumu, bandua upande mmoja tu wa tairi kwa vijiti vya plastiki. Bisibisi itaongeza tundu la pili. Jaza tyubu upepo uisikilize karibu na shavu. Tundu likiwa upande wa nje, kitu kimetoboa tairi na huenda bado kimo: pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, mzunguko mzima, kabla ya kitu kingine chochote. Matundu mawili sambamba maana yake tairi lilikuwa na upepo kidogo ukagonga ukingo wa jiwe. Tundu likiwa upande wa ndani, utepe wa rimu umehama na kichwa cha spoku ndicho mkosaji. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja dakika tano hadi ikauke na isinate kidoleni. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanabandika ikiwa mbichi, na kiraka kinafunguka baada ya saa moja. Kandamiza kwa nguvu, rudisha, na ukaze upande wa mwisho wa tairi kwa viganja.

Siku za mwisho

Kutoka Krems vuka kwenda kusini, upite Traismauer, Zwentendorf na Tulln. Njia iko juu ya kingo za kuzuia mafuriko, imenyooka, haina kivuli. Kwa kawaida upepo unatoka magharibi na kukusukuma, lakini hali ya hewa ikigeuka na ukatoka mashariki, kilomita 45 za hapa zinauma kuliko kilima chochote. Siku kama hiyo anza saa kumi na mbili asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Zwentendorf utaona kinu cha umeme wa nyuklia kilichokamilika na hakijawahi kuwashwa: wananchi walikikataa kwa kura ya maoni ya Novemba 1978, kwa tofauti ndogo sana.

Jumapili maduka ya vyakula hufungwa, Ujerumani na Austria. Nunua mkate, jibini na matunda Jumamosi kabla ya jioni. Maji ya bomba ni salama. Kwenye visima vya vijijini kibao cha "Kein Trinkwasser" kinamaanisha usinywe. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote mbili, na huombwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, ambayo hapa ni Austria.

Kuingia Vienna pitia Klosterneuburg kisha ufuate mfereji wa Danube. Unafika katikati ya mji karibu bila kukutana na gari. Kurudi Passau ni kwa treni kupitia Linz. Zile za mwendo kasi hutaka nafasi ya baiskeli iwekwe mapema, na wakati wa joto hujaa siku kadhaa kabla. Za kawaida hutaka tiketi ya baiskeli tu, ila zina vituo vingi. Ukiwa jukwaani, vua mifuko yote kabla treni haijasimama. Mlango ni mwembamba, na katika mabehewa mengi baiskeli hutundikwa wima kwa gurudumu la mbele kwenye ndoano, jambo lisilowezekana ikiwa bado imebeba kilo 12.